Madaraja Kumi na Mawili Jikoni kwa Mama Arafa

Kila Jumamosi, Arafa akitoka madrasa humsaidia mamake kukaanga maandazi, kisha huzunguka mtaani Kitale na simu ya shule. Darasa lake, Gredi ya Saba, lilikuwa likitengeneza ramani ya mafuriko. Kazi yenyewe rahisi: simama kwenye daraja, bonyeza simu iandike ulipo, kisha ueleze kama panapitika.

Jumamosi moja uvivu ulimwingia. Madaraja yote aliyajua tangu utotoni, ya nini kujichosha? Akaketi jikoni, akayajaza yote kumi na mawili: panapitika, panapitika.

Jumatatu, Bi Rosaline, afisa wa majanga kutoka Bungoma, alikuja na kompyuta kuunganisha ramani za shule, maana mvua ya huku juu huteremka hadi kwao. Loo! Alama zote za Arafa zilikuwa zimerundikana juu ya paa moja. Darasa likaangua kicheko, ati madaraja kumi na mawili kwenye nyumba moja.

Bi Rosaline alidhani simu ni mbovu, akasema watatumia ramani ya zamani kuwaonyesha watu njia ya kukimbilia. Arafa angenyamaza tu, yaishe. Lakini nyanya yake aliishi ng'ambo ya mto, na angeifuata njia hiyo hiyo, ambayo hakuna aliyeikagua. Akainua mkono.

"Mwalimu, simu ni nzima," alisema. "Ni mimi sikwenda. Hapo ni jikoni kwetu."

Mwalimu Khisa, wa darasa lao, alimpa siku mbili arudie kazi. Arafa alitembea hadi viatu vikajaa matope. Kwenye daraja la saba, la kwendea kwa nyanya, alishtuka. Nguzo moja ilikuwa imeliwa na maji. Akaandika: hapapitiki.

Wiki mbili baadaye mvua kubwa ilianza mchana. Ujumbe wa Bi Rosaline, uliofuata ramani mpya, uliingia kwenye simu za watu kuwaambia wapitie barabara ya juu. Nyanya na majirani wakapita huko, wakafika salama. Kabla ya jioni, daraja la saba lilikuwa limesombwa.

Siku ya gwaride, Mwalimu Khisa alimsimamisha Arafa mbele ya shule nzima.

"Simu inajua ulipo tu," alisema. "Ukweli wa mahali huletwa na miguu yako. Na Arafa alipokubali kwamba hakwenda, ndipo ramani yetu ilipoanza kuokoa watu."

Ramani hiyo sasa imebandikwa jikoni, juu ya karai la maandazi. Kila mteja akija, Mama Arafa humwonyesha daraja la saba kwa kidole chenye unga.

"Hili," humwambia, "alilipima binti yangu, akiwa amesimama hapo hapo."