Yunisi na Perege Wasiokua

Asubuhi za Igamba zina baridi ya kung'ata. Yunisi alijifunga kitenge begani, akatoka na bakuli la chenga za mahindi. Aliwamwagia vifaranga wake wa kuku. Vifaranga walikuwa raha mstarehe chini ya kipande cha wavu. Tangu awafunike, mwewe alipita juu akimeza mate tu.

Kisha Yunisi akashuka bwawani.

Alimwaga pumba. Samaki wakaja juu, wengi, lakini wadogo mno. Yeye na wifi yake Fides walipandikiza perege siku moja. Fides, dada wa mumewe, alikuwa jirani wa hapo juu kidogo. Mfereji mmoja ulijaza mabwawa yao yote mawili. Perege wengi wa Fides walishajaa kiganja. Wa Yunisi je? Vidole vitupu!

"Baba Goodness," alimwuliza mumewe Enoka, "vifaranga wa samaki nani aliwaleta?"

"Fides."

"Na nani aliwagawa?"

"Fides. Kwani vipi?"

"Basi jibu unalo. Wa mbegu kajiwekea yeye. Mimi kanipa takataka za mtoni!"

Enoka akaweka jembe chini. "Huyo ni dada yangu tumbo moja."

"Ndiyo maana huoni!"

Tangu siku hiyo, Fides hakuwa na jema. Akicheka, Yunisi alidhani anachekwa yeye. Akinyamaza, anaficha kitu. Halafu Yunisi akaenda msibani Tunduma. Aliporudi, jirani yake Tabita akamwambia kuwa Fides alionekana pale bwawani na ndoo. Ndoo ya nini? Yunisi akajijibu mwenyewe: alikuja kuvua hata wale wazuri wachache waliobaki. Usingizi ukampaa.

Jumapili baada ya ibada, Fides aliwakaribisha chakula. Alipita na birika la maji, akimnawisha kila mtu mikono. Alipofika kwa Yunisi, Yunisi akakunja mikono kifuani.

"Mimi nimeshiba, wifi."

Kwao, ukikataa kunawa nyumbani kwa ndugu, umeshasema kila kitu.

"Wifi, nimekukosea nini?" Fides akauliza. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Utaambiwa mbele ya wazee wa kanisa."

Enoka aliona undugu unavunjika hivi hivi. Kesho yake akamleta Fanuel, bwana samaki, akamwita na Fides. Yunisi alifurahi sana. Alitaka shahidi wa kumpeleka kwa wazee.

Fanuel alivua samaki kadhaa katika kila bwawa. Akawaweka kwenye mabeseni ya maji kando ya bwawa la Yunisi. Kisha akatoa rula.

"Wa wifi ni wakubwa, wangu ni wadogo," alisema Yunisi. "Unapima nini tena?"

"Mama, ukubwa peke yake hudanganya. Rangi nayo hubadilika. Mtoto wa perege naye ni mdogo, lakini ana umbo la perege. Kwa hiyo tunalinganisha vipimo. Kwanza urefu: kutoka ncha ya mdomo hadi pezi la mkia linapoanzia. Pezi lenyewe hatulipimi, maana hukatika. Halafu kina cha mwili: kutoka mgongoni hadi tumboni, pale penye upana mkubwa."

Alichagua samaki mdogo wa Fides, akamlaza juu ya kitambaa kibichi. Urefu, sentimita kumi. Kina, nne na nusu. Akamrudisha majini haraka. Akachukua samaki wa Yunisi mwenye urefu uleule. Kina, tatu na nusu tu.

"Unaona? Urefu ni mmoja, lakini huyu ni mwembamba."

"Labda amekonda kwa njaa," Fides akasema kwa sauti ndogo.

"Inawezekana. Njaa hupunguza tumbo, lakini haibadilishi sana mifupa ya kichwa. Ndiyo maana napima na kichwa, na pale mwili unapobana kabla ya mkia. Tena sipimi mmoja. Napima wengi."

Alipima wengi. Alitazama midomo na mapezi pia. Yunisi alimkodolea macho Fides muda wote, asije akapenyeza samaki mwingine.

"Bwawa la Fides lina perege watupu," Fanuel akasema mwishoni. "La Mama Goodness lina perege wachache. Wengi ni furu. Furu hata umlishe vipi, hawi mkubwa kama perege. Anazaana tu na kumaliza chakula."

"Si nilisema!" Yunisi akapiga makofi. "Mwizi wangu huyo hapo!"

Fides akalia waziwazi.

"Subiri, mama." Fanuel akatumbukiza wavu mdogo mferejini. Alipata samaki wachache, akawapima kama wale wa kwanza. Wembamba uleule, kichwa kilekile. Furu!

"Hawa hawakuletwa na mtu," alisema. "Wanaingia wenyewe na maji. Bwawa la Fides lina wavu pale maji yanapoingilia. Lako halina?"

"Lilikuwa nao..." Yunisi akakwama.

Enoka akageuka, akatazama uani. Wote wakatazama. Vifaranga wa kuku walikuwa wakidonoa chini ya wavu, raha mstarehe.

"Ulikuwa unazibwa na majani," Yunisi alinong'ona. "Nikaona bora nimkomeshe mwewe."

Alitamani ardhi immeze. Akatafuta pa kushika. "Na ndoo je, wifi? Nilipokuwa msibani?"

"Pumba," Fides akasema. "Ulitaka samaki wako wafe njaa?" Akajitwisha beseni lake, akaondoka bila kuaga.

Yunisi na Enoka walitoa maji bwawani. Wakaondoa furu wote, wakakausha bwawa, wakarudisha wavu. Vifaranga wa kuku walijengewa tundu la fito. Kila asubuhi Yunisi aliondoa majani kwenye wavu kwa mikono yake. Alipandikiza perege wapya. Walipokua kidogo, aliwapima kadhaa kwa rula, maana wakiwa wadogo sana ni vigumu kuwatambua. Safari hii wakakua.

Siku ya kuvua alikaanga perege wakubwa, akamwita Fides. Fides alikuja, akakaa karibu na mlango. Yunisi akachukua birika, akaanzia kwake.

"Nilikuonea, wifi. Nisamehe."

Fides alimtazama. Akalitazama birika. Kisha Fides akakunja mikono ya gauni.

"Mimina basi," akasema. "Samaki wanapoa."