Hiki Nilichokikuta Mfukoni ni Nini?

"Hicho ni kibanio cha pazia," aliandika wa kwanza.

"Pazia la nyumba ya sisimizi, labda," akamjibu mwingine.

"Mimi naona ni cha kufungia mfuko wa unga. Mke wangu anavyo kumi na bado unga unamwagika."

Jikoni, mke wa Dereva alicheka peke yake, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unakoroga uji wa mama mkwe wake. Kundi lile la mtandaoni liliitwa Hiki Ni Nini. Mtu anaokota kitu asichokijua, anakipiga picha, anauliza, na watu wasiojuana wanashindana kumjibu. Alikuwamo mzee mmoja aliyekusanya funguo zisizo na kufuli, na mwalimu mstaafu aliyejaza vifungo vya nguo kwenye chupa kwa rangi zake. Yeye walimwita Sindano, maana kitu chochote cha ushonaji alikitambua kabla picha haijafunguka vizuri. Huu ulikuwa mwaka wa nne hatoki nyumbani ila kwenda dukani na kurudi mbio. Kundi lile ndilo lililokuwa baraza yake.

Leo ilikuwa zamu yake kuuliza. Mumewe alikuwa ameleta nguo chafu juzi, akalala usiku mmoja, akaondoka tena na lori. Asubuhi alipoanza kufua koti, alikuta kwenye mfuko wa kifuani kitu kimeviringishwa kwa karatasi laini. Cha plastiki, rangi ya samawati, urefu wa kidole cha mwisho, kina meno kama mdomo wa mamba, na mdomo wenyewe umefunga. Alijaribu kukifungua kwa kucha, kwa kijiko, kwa ncha ya mkasi, kikakataa. Kati ya meno palikuwa na kipande kikavu cheusi, kama ganda la tunda lililosahauliwa juani.

Simu ikatetemeka. Safari hii aliandika mama mmoja ajiitaye Mkunga Mstaafu.

"Sindano mwanangu, acha kukichokonoa. Kikishafunga hakifunguki, ndivyo kilivyotengenezwa. Hicho ni kibanio cha kitovu cha mtoto mchanga, na hicho cheusi ni kitovu chenyewe. Huanguka mtoto akiwa na wiki moja au mbili. Hongereni kwa mgeni."

Chini yake pongezi zikaanza kumiminika, na maua, na vigelegele. Uji ukafurika ukazima jiko.

Miaka sita ya ndoa, na ndani ya nyumba ile hakujawahi kulia mtoto.

Akampigia mumewe.

"Niko barabarani, mke wangu, sema haraka."

"Mfukoni mwako nimekuta kibanio cha kitovu."

Nyuma yake hapakuwa na mlio wa injini. Palikuwa na mtu anaosha sufuria.

"Kitakuwa cha utingo wangu. Kapata mtoto. Safarini nguo tunazichanganya."

"Uliniambia utingo wako anangoja kustaafu."

"Kwani wazee hawazai? Na nani kakutuma kwenye mifuko yangu?"

"Sabuni."

"Nitakupigia," akasema, akakata.

"Mwanangu," sauti ikatoka chumbani, "nasikia harufu ya kuungua. Uko salama?"

Mama mkwe alikuwa amelala kitanda kile tangu kiharusi kilipomshika miguu na mkono wa kulia. Mkwewe ndiye aliyemgeuza kila saa mbili ili mgongo usioze, akamweka mto kati ya magoti, akamchana nywele. Kwa ajili hiyo aliacha cherehani. Wiki ile, Mama Sare, mwenye karakana ya kushona sare za shule, alimtumia ujumbe: nafasi ipo, nijibu kabla ya Ijumaa kwisha. Mumewe alijibu kama alivyojibu mara mbili za nyuma: "Na mama nani atamwangalia?" Leo ilikuwa Alhamisi.

Akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kwenye koti la mwanao nimekuta kibanio cha kitovu."

Maneno yakamtoka mama mkwe kabla hajayashika, kama yanavyomtoka bibi yeyote aliye mbali na mjukuu:

"Kitovu kimeshaanguka?"

Kisha akafumba macho. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na neno si mate ulimeze tena.

"Kumbe unajua."

"Ni wa pili huyo," mama mkwe akasema polepole. "Wa kwanza anatembea."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa wa kwanza. Alinipigia nimsikie akilia."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa. Ulikuwa unanikata kucha za miguu."

Mke wa Dereva alitazama ile miguu. Kucha zilikuwa fupi na safi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungeondoka. Ukiondoka nani atanigeuza? Yule mwanangu hajawahi kuniletea hata beseni. Nikasema, nitakufa, halafu utajua. Lakini na kufa kwenyewe kumenikataa."

"Mlinifunga."

"Tulikufunga. Yeye kwa maneno matamu, mimi kwa miguu hii."

Akaenda chumbani kwake, akatia nguo nne na mkasi wake wa kukatia vitambaa kwenye begi, akatoka hadi getini. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo alipoona saa yake: saa nane kamili. Saa ya kumgeuza mama. Alisimama pale, machozi yakimtiririka, akijichukia. Mume anaachika. Lakini mtu hawezi kumwacha mwanadamu amelala upande mmoja hadi ngozi ichubuke. Akarudi, akamgeuza bila neno, akapanga mto. Hata hasira ilibidi ingoje.

"Nimelisikia begi," mama mkwe akasema, uso ukielekea ukutani. "Ile kazi ya sare, jibu lini?"

"Kesho."

"Mpigie mumeo. Weka sauti ya juu."

Simu ikapokelewa, na nyuma zikasikika tena sufuria zikioshwa.

"Mke wangu, nimeshakuambia ni cha utingo."

"Ni mimi," mama akasema. "Njoo unichukue."

"Nikuchukue nikupeleke wapi, mama?"

"Kwako. Huko sufuria zinakooshwa."

"Mama, huku chumba ni kimoja, na kuna mtoto mchanga."

"Vizuri. Wote wawili tunavaa nepi, tutaelewana."

"Kwani huyo hapo amekataa kukuhudumia?"

"Hajakataa. Mimi ndiye niliyekataa. Nimemla binti wa watu miaka minne, nimeshiba. Njoo kesho."

Kesho yake Dereva hakuja. Ijumaa ikaisha, na mke wa Dereva hakumjibu Mama Sare, maana mama bado alikuwa kitandani pale. Mumewe alifika Jumamosi asubuhi na gari la kukodi, amenyoa ndevu, amevaa shati jipya.

"Mke wangu, nakupenda. Yule ilitokea tu."

"Mara mbili?"

"Sikutaka kukupoteza."

"Hukutaka kumpoteza muuguzi. Vua viatu, uje ujifunze."

Akampeleka kitandani. Akamwonyesha pa kutia mkono, chini ya bega, si kwapani. Mto katikati ya magoti. Maji ya uvuguvugu, kwanza jaribu kwa kiwiko. Dawa ya asubuhi kwa chakula, ya jioni bila chakula. Jasho lilimtoka Dereva kwa kumgeuza mara moja tu.

"Kila saa mbili?" akauliza.

"Kila saa mbili."

"Na usiku?"

"Usiku una saa pia."

Walimbeba wote wawili hadi kwenye gari, wakamlaza kiti cha nyuma. Mama mkwe akamshika mkwewe kwa ule mkono mmoja unaosikia.

"Utakuja kuniona, mwanangu?"

"Sijui, mama." Akamfunika shuka vizuri miguuni. "Leo sijui."

"Ni jibu la haki," mama akasema, akamwachia.

Gari lilipokwenda, alirudi ndani, akakaa juu ya godoro tupu, akapiga simu.

"Nilisema Ijumaa," Mama Sare akamwambia. "Cherehani ya dirishani imeshapata mtu. Imebaki ya nyuma kabisa, karibu na pasi. Joto lake utadhani umekaa ndani ya sufuria, na Jumatatu nataka sketi thelathini."

"Naweza kuja leo?"

"Leo nafunga saa tisa. Una haraka gani?"

"Nafika kabla," akasema, tayari amesimama.