Mtamba wa Antonia

Alhamisi asubuhi, saa moja kasoro robo, kichwa na ngozi ya mtamba mweusi aliyepotea Jumatatu usiku vilikutwa nyuma ya boma la Moloimet, mfugaji wa Kimasai, pale mashamba ya Karatu yanapoishia na msitu wa Ngorongoro kuanza. Kufikia saa mbili Sajenti Valeriani alikuwa amekwisha kumtia Moloimet pingu. Basi la Arusha, la kumpeleka mahabusu, lingepita saa sita, na mwaka ule wa 1983 kesi za wizi wa ng'ombe hazikuwa na mchezo.

Evarista Tluway alifika ana matope hadi magotini. Alikuwa mtaalamu wa viumbe, mzaliwa wa Mbulu, aliyepiga kambi mpakani hapo kuchunguza aina za mbawakavu, wale wadudu wenye mgongo mgumu. Alijiamini na hakuona haja ya kuficha. Samadi ya kutegea wadudu wake ilitoka kwa Moloimet, na kumwona rafiki yake amekalishwa chini kulimchoma.

"Afande, kichwa hiki kimelala hapa tangu lini?"

"Tangu Jumatatu usiku, huyu Mmasai alipochinja."

"Basi fisi wa huku wamefunga Kwaresima."

Watu walicheka, sajenti hakucheka. Evarista akaeleza kwamba fisi hawaachi kichwa nje usiku mmoja, sembuse siku tatu, kwa hiyo kiliwekwa asubuhi ile. Sajenti akajibu kwamba huenda Moloimet alikificha ndani, kikanuka, akakitoa. Haikuwa hoja ya kijinga. Bartolomeo, aliyekuwa akimfuga mtamba yule, akadakia kwamba Josephati, dereva wa Evarista, alionekana Jumanne akiingiza nyama kambini. Pengine walikula pamoja. Josephati aliapa kwamba aliinunua buchani, wala hakuna aliyemsadiki.

Mwenye mtamba hasa alikuwa Antonia, mjane wa kijiji cha Kansay. Alimweka kwa Bartolomeo alelewe, kama walivyozoea watu wa huko: mlezi hunywa maziwa na kutumia samadi, ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Antonia alikuwa ametuma salamu kwamba Jumamosi angekuja na kaka zake wawili kwa ajili ya mtamba huyo. Habari za wizi zikamleta mapema, peke yake, naye sasa alisimama pembeni amejifunika kanga.

Evarista akaomba apewe muda kabla ya basi. Alifukua makopo yake matatu ya kutegea wadudu: moja nyuma ya boma, moja kambini, la tatu kandokando ya shamba la Bartolomeo. Akawapeleka wote uani kwa Bartolomeo, akayamimina juu ya shuka jeupe, kila moja upande wake.

"Makopo haya ni ya ukubwa mmoja," alisema, "yamefukiwa siku moja, Jumatatu jioni, kwa kina kimoja na samadi kiasi kilekile. Ndivyo tunavyopima aina za viumbe. Ukitega sawasawa kila mahali, tofauti utakayoikuta ni ya mahali, si ya mtego."

Akawaonyesha wadudu wa boma na wa kambi: miguu ya mbele mipana, yenye meno, ya kuchimbia samadi. Kisha akawageuza wale wa kopo la tatu. Humo walijaa wengine, bapa, mgongo una matuta kama uliomwagiwa vumbi.

"Hawa si ukoo mmoja na wale. Hawa chakula chao ni mizoga, ngozi na mifupa. Kichwa kingekaa bomani siku tatu, wangekifuata huko. Nyuma ya boma hakuna hata mmoja, kambini hakuna. Wako kwako, mzee Bartolomeo."

"Labda mbwa kafia shambani," Bartolomeo alisema.

"Basi tumtafute tumzike."

Sajenti hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alitembea kutoka kopo lilipokuwa mpaka kwenye rundo la mabua ya mahindi, akaligeuza, akakuta udongo mbichi. Mapigo mawili ya jembe yalitosha kutoa kwato nyeusi na matumbo.

Bartolomeo akaketi juu ya kinu. Alisema amemlea mtamba yule tangu ndama, wakati wa ukame akamkatia majani hadi mikono ikatoka malengelenge. Aliposikia Antonia anakuja na wanaume wawili, alijua wanakuja kumswaga. Hasira zikampanda, akachinja, nyama akaiuza vijiji vya mbali.

"Na kichwa kwa Moloimet?" Evarista aliuliza.

"Nilijua mtaamini."

Antonia akasogea mbele. "Wale wawili walikuwa mashahidi, Bartolomeo. Nilikuwa nakuja kukukabidhi, awe wako."

Bartolomeo alijiziba uso, akalia. Sajenti alifungua pingu za Moloimet, akamfunga yeye.

Moloimet alisugua mikono, akawatazama majirani mmoja mmoja.

"Mpaka jana mlikuwa mnaniita Moloimet," alisema. "Asubuhi hii nimekuwa Mmasai tu."

Mzee Qamara, wa shamba la jirani, akavua kofia, akamwendea, akamwomba radhi kwa jina lake. Moloimet alimpa mkono. Walipomletea kiti, alikataa, akaenda kufungulia ng'ombe wake.