Shamba la Majaribio la Afande Santina

Abalo alikuwa na desturi ya kuchota maji kabla jua halijatoka. Katika kambi ya polisi walimokaa, upande wa Kisugu jijini Kampala, bomba lilikuwa moja kwa nyumba ishirini, na aliyechelewa alikuta foleni ndefu ya madumu. Baada ya maji alifagia uwanja, akanywa uji uliopikwa na shangazi yake, Alum, kisha akampitia rafiki yake Sundus wakaenda shule pamoja. Jioni alicheza netiboli. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na maisha yake yalikwenda vizuri tu, mpaka ratiba hiyo ilipoongezewa kazi moja zaidi, kazi ya kugeuza samadi ya kuku.

Kazi hiyo ilitoka kwa mama yake. Santina alikuwa sajini wa polisi, mwenyeji wa Kitgum, na kambi nzima ilimwita Afande Santina. Alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu. Alikuwa amewaona wenzake wakichukua kiinua mgongo chao chote na kukitia katika biashara wasiyoijua, na mwaka haukuisha wakawa wanakopa nauli. Jambo hilo lilimtisha kuliko majambazi aliowakimbiza miaka thelathini. Kwa hiyo alijiandikisha kwenye mafunzo ya kitaalamu ya uwekezaji endelevu katika kilimo, yaliyofanyika katika ukumbi mmoja kule Bugolobi.

Mwalimu wa mafunzo hayo alikuwa Bi Umulkheir, mtaalamu wa udongo. Ukoo wake ulifika Kampala zamani na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na mpaka leo nyumbani kwao husemwa Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, lakini hakuwa na mchezo katika kazi. Aliwaeleza wanafunzi wake, watu wazima wote, kwamba kuwekeza kwa njia endelevu ni kuvuna leo bila kuidhoofisha ardhi ya kesho. Tena hakutaka maneno ya karatasini peke yake. Baada ya wiki mbili za darasani aliwapa miezi mitatu ya kujaribu kwa udogo kile walichotaka kukifanya kwa ukubwa. Siku ya mwisho wangetembeleana, kila mmoja aonyeshe shamba lake.

Afande Santina alichagua mchicha, ambao Kampala huitwa dodo na haukosi wanunuzi sokoni. Badala ya mbolea ya dukani aliamua kutumia samadi ya kuku iliyochanganyika na maganda ya kahawa, ambayo wafugaji wa mjini huitupa tu. Samadi mbichi ni kali, huunguza mimea. Ilibidi irundikwe, inyunyiziwe maji, ifunikwe kwa turubai na kugeuzwa kila siku ya tatu kwa wiki sita, mpaka ipoe na harufu yake ikatike, iwe mboji. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na nafasi ya matuta mawili. Mama na binti walianza pamoja, wakicheka na kuziba pua.

Wiki ya pili haijaisha, Santina akapangiwa kazi Masindi kwa miezi miwili na nusu. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Abalo uma wa shamba na kumweleza kila hatua. Alimwambia kwamba shangazi Alum ana zamu zake kiwandani, asimtegemee. Abalo akaahidi, na wakati anaahidi hakuwa akidanganya hata kidogo.

Lakini samadi ile, jamani! Ukiifunua, mvuke unakupanda usoni na macho yanachuruzika machozi. Siku moja Abalo aligeuza rundo halafu akakimbilia uwanjani bila kuoga vizuri. Wasichana wa timu wakajitenga naye, mmoja akauliza kama kuna mtu amekuja na jogoo. Wote wakacheka. Abalo naye alicheka, ila moyoni alichomeka. Siku ya kugeuza ilipofika tena, alipita kando ya turubai kama hakuliona. Mama alipopiga simu kuuliza, alijibu kwamba amegeuza. Kule Masindi Santina alichukua daftari lake akaandika tarehe.

Uongo wa kwanza ulimkosesha Abalo raha usiku mzima. Wa tano haukumkosesha kitu. Katika wiki nne zilizobaki aligeuza rundo lile mara mbili tu.

Wiki sita zilipotimia, mama alisema kwenye simu kwamba kama mboji imepoa na haina harufu kali, apande. Abalo alifunua turubai. Juu palikuwa pamekauka, lakini alipochimba kidogo joto lilimrukia mkononi na harufu ilikuwa ile ile. Alisimama pale kwa muda akijua kabisa maana yake. Kisha akajiambia kwamba mvua itaipoza, akachota sehemu yake, akaichanganya na udongo akapanda miche arobaini. Siku ya nne kingo za majani ziligeuka kahawia, na siku ya tisa hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama. Na mama alipopiga simu, Abalo alisema miche inaendelea vizuri sana. Santina alishangilia mpaka askari wenzake wakasikika nyuma yake wakimpongeza.

Basi siku zikapita, na ziara ya mashamba ikapangiwa Jumamosi, na mama angerudi alfajiri ya siku hiyo hiyo. Ijumaa baada ya shule Abalo alimshika Sundus mkono wakaenda kwa mama muuza mboga wa barabarani. Huko dodo huuzwa na mizizi yake, zimefungwa mafungu kwa kamba za mgomba. Abalo alitoa akiba yake aliyokuwa akiiwekea raba za netiboli, akanunua mafungu manane. Walipofika nyuma ya nyumba akayafungua na kuanza kuzichomeka dodo kwenye matuta, moja moja kwa mstari. Sundus alimtazama tu, ndoo ya maji mkononi.

“Mimi sitasema,” Sundus alisema mwishowe. “Lakini mama yako anataka kujifunza nini hapa, Abalo? Hizi amezikuza mtu mwingine.”

Abalo alimwambia amwage maji, asimwage maneno.

Alfajiri Santina aliingia na begi lake mgongoni, na hata kabla ya kuvua buti akazunguka nyuma ya nyumba. Matuta yalikuwa yamelowa umande na dodo zimesimama. Alishika kiuno, akatikisa kichwa, halafu akamkumbatia bintiye kwa nguvu. Abalo alinusa vumbi la safari kwenye sare ya mama yake na akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wakiwa mezani, mama alimwaga mipango yake yote. Alikuwa amekusudia kukodi ekari mbili kule Luweero. Sasa angechukua nne, kwa miaka mitano, na kiinua mgongo karibu chote kingeingia humo. Mwenye shamba, Mzee Ocaya, angekuja saa sita mchana na karatasi za kutia sahihi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama mtoto wa shule ameweza kugeuza mboji peke yake na bado akacheza netiboli, basi kwa ekari nne kibarua mmoja anatosha.

“Usiku nilikuwa silali nikifikiria nitakulaje nikivua hizi nguo,” Santina alisema. “Umenitua mzigo, mwanangu.”

Abalo aliweka chini kikombe cha uji. Mpaka asubuhi ile alidhani uongo wake ni jambo lake na miche michache iliyokufa. Kumbe mama yake alikuwa ameushika akaujengea nyumba nzima, na nyumba hiyo ndiyo wangekaa wote. Alimwona mama yake kwa macho ya moyo akizunguka ekari nne za majani yaliyoungua, bila mshahara, akijiuliza amekosea wapi.

Saa nne wageni walifika, Bi Umulkheir mbele na daftari, nyuma yake wanafunzi wanane. Walisimama kuzunguka matuta. Mmoja wao, mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Tarcisio, alisifu mpaka akaomba apewe jina la mfugaji anayetoa samadi, kwani naye angeiga mpango ule ule bila kubadili kitu. Afande Santina alikuwa aking’aa. Bi Umulkheir alisogea karibu na tuta. Alichuchumaa, akagusa jani, akaangalia jua, kisha akamuuliza Abalo kwa upole kama ana la kueleza kuhusu shamba lake.

Hapo angeweza kusema hapana. Wangeondoka kwenda shamba la pili, jua kali lingenyausha dodo zile wakati wageni wako mbali, na Mzee Ocaya angekuwa amekwisha kuondoka na sahihi ya mama. Akapiga moyo konde, akainama, akang’oa dodo moja. Ilitoka bila ubishi wowote, na kwenye mizizi bado ilikuwa imeng’ang’ania kamba ya mgomba.

“Hizi nilizinunua jana,” alisema. “Zangu zilikufa zote. Samadi haikuoza kwa sababu sikuigeuza. Mama, nilikudanganya. Usitie sahihi.”

Tarcisio alikohoa akaangalia pembeni. Santina alimtazama bintiye, akaitazama ile kamba, na mng’ao ule wote ukamtoka usoni. Abalo alingoja kofi au kelele. Hakuna kilichokuja, na hilo lilimuuma zaidi, akaanza kulia.

Bi Umulkheir alimwacha alie kidogo. Halafu akawageukia wanafunzi wake akawaambia wafungue madaftari, na akamwambia Abalo afute machozi aanze kusimulia, kuanzia siku mama yake alipoondoka. Abalo alidhani anadhihakiwa. Lakini alipoinua macho aliona kalamu tisa zinamngoja, na moja ilikuwa ya mama yake.

Akasimulia. Wakamuuliza aligeuza mara ngapi, naye akataja idadi ya kweli. Wakamuuliza joto lilikuwaje alipochimba, majani yalianza kuungua siku ya ngapi, yaliungua kingo au katikati. Tarcisio aliuliza kwa nini aliacha kugeuza, na Abalo, kwa aibu kubwa, akaeleza ile harufu na wasichana wa timu. Mzee yule hakucheka. Aliandika kwamba vibarua watahitaji mahali pa kuoga na nguo za kazi, la sivyo nao wataacha. Alipomaliza kuandika alikiri kwamba yeye hakuwahi kulifikiria hilo.

Ndipo Bi Umulkheir akasema, “Ndugu zangu, nimeona mashamba mengi mazuri, na mengine yalikuwa ya kuonyeshwa wageni tu. Huwezi kuitunza ardhi usiyoambiwa ukweli wake. Samadi hii ni nzuri, mpango huu ni mzuri, ila kazi yake ni kubwa kuliko tulivyoandika, na leo tumelijua hilo kabla pesa ya mtu haijaingia ardhini. Tumelijua kwa sababu huyu mtoto amesema. Amechelewa, lakini amesema.”

Cheti cha mafunzo hakumpa Afande Santina siku ile. Alimwongezea miezi mitatu, arudie jaribio tangu mwanzo.

Mzee Ocaya alikuja saa sita kama alivyoahidi. Santina alimkaribisha chai, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akamwambia hatatia sahihi mpaka ajue anachokitia sahihi. Mzee alinung’unika kuhusu safari yake ndefu, akanywa chai, mwisho akakubali kungoja msimu mmoja, na kwa ekari mbili tu.

Alipoondoka, mama na binti walibaki peke yao nyuma ya nyumba. Dodo za kununua zilikuwa zimelala chali kwa jua. Santina alizing’oa taratibu na kuzitia kwenye sinia, chakula hakitupwi. Abalo alisogea kumsaidia.

“Nimekasirika, Abalo, na nitabaki nimekasirika siku kadhaa,” mama alisema mwishowe, bila kupaza sauti. “Miche kufa si kitu, hata yangu ingeweza kufa. Ungeniambia siku ile ya kwanza uliyopita bila kugeuza, ningekutafutia msaada, au ningekuruhusu uache. Wewe ulinificha ili nisione umeshindwa. Mtu anayekupenda akikuuliza habari, anataka ajue aweke mguu wapi. Ukimdanganya, anaukanyaga utupu.”

Abalo aliitika kwa kichwa. Aliuliza kama mama atamwamini tena. Santina alifikiri kwanza, hakutaka kumjibu jibu la kumfurahisha tu.

“Leo asubuhi nilikuamini kwa habari nzuri. Saa nne umeniletea mbaya, mbele za watu, huku unalia. Hiyo ya saa nne ndiyo nitakayoanza nayo.”

Kisha akavua saa yake, akakunja mikono ya shati, akafunua turubai. Harufu ikawapanda wote wawili, wakageuza nyuso na kukohoa. Mama alichukua uma wa shamba, Abalo akachukua sepetu, wakaanza kuligeuza rundo kutoka chini.