Taa ya Chumbani kwa Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba alikagua taa. Sebuleni kilikuwepo kisanduku kikubwa cha intaneti, na kwenye korido kingine kidogo, kilichopokea mawimbi kutoka kwa mwenzake na kuyafikisha hadi vyumba vya nyuma. Kila kimoja kilikuwa na taa moja usoni. Baba, seremala asiyependa mambo ya kubahatisha, alivitazama na kusema, "Kijani. Kijani. Haya, twende kazini."

Binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo, hakuridhika. Video zake zilikwamakwama. Akamwandama baba siku tatu nzima: "Baba, kile kidogo kikae chumbani kwangu, mtandao utapata nguvu!"

"Umenichosha masikio," baba alisema mwishowe. "Chukua. Lakini taa ikibadilika rangi tu, kinarudi hapa."

Chumba cha Chiriku kilikuwa mwisho kabisa wa nyumba. Alichomeka kisanduku, akangoja. Taa ikawaka njano. Loo! Akakisogeza dirishani, akakipandisha juu ya kabati, akakigeuza huku na huku. Njano vilevile, na video zikazidi kukwama. Mtu mwingine angekirudisha yakaisha. Chiriku aliona aibu baada ya kelele zote zile. Akakata kipande cha karatasi laini ya peremende, ya kijani, akakibandika juu ya taa. Kesho yake baba alichungulia mlangoni, akasema, "Kijani," akaenda zake.

Siku ya pili yake ilikuwa siku kubwa kwa mama. Mama alikuwa muuguzi, na kwa miaka sita alikuwa ameisubiri kazi ya kusimamia wodi. Usaili ungefanyika kwa video saa kumi kamili alasiri, kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa chumbani kwake, jirani na chumba cha Chiriku.

Saa tisa na nusu mama alijaribu mitambo. Sura yake iliganda kwenye skrini, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

"Jamani, leo? Leo kweli?" mama alifoka.

Baba alimpigia simu fundi wa mitandao, akaweka sauti ya wote kusikia, akaiacha simu mezani kwa mama. "Taa zina rangi gani?" fundi aliuliza.

"Kikubwa kijani!" baba aliita kutoka sebuleni.

"Na kidogo?"

"Chiriku, katazame," mama alisema.

Chiriku alikwenda, akatazama, akarudi. Akisema ukweli, baba atajua kila kitu. "Kijani," alijibu.

"Basi mtandao ni mzima," fundi alisema. "Tatizo ni kompyuta. Izimeni, muiwashe."

Wakaizima. Kuwaka kwake sasa! Ilizunguka, ikafikiri, ikazunguka tena. Baba aliingia chini ya meza kukaza nyaya, akajigonga kichwa, akaguna maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Kompyuta ilipowaka, sura ya mama iliganda tena.

"Toka huko chini, unanitikisia meza!" mama alimkaripia. "Nisipoonekana saa kumi, wanamwita anayefuata. Wamesema hawarudii."

"Nami nifanye nini? Taa zote kijani!" baba alijibu kwa hasira.

Saa kumi kasoro dakika kumi. Mama aliacha kubonyeza. Aliketi na sare yake iliyopigwa pasi vizuri, akafuta macho kwa kiganja. Hapo Chiriku alishindwa kuvumilia.

"Si kijani," alisema huku analia. "Ni njano. Nimeibandika karatasi."

Baba alifungua mdomo, lakini fundi alimwahi. "Sasa nimeelewa! Njano maana yake kiko mbali, hakimpati mwenzake vizuri. Na kompyuta imekishika hicho dhaifu kwa sababu ndicho kilicho karibu. Kirudisheni kwenye korido. Taa itapepesa bluu kikimtafuta mwenzake. Msikiguse mpaka itulie."

Chiriku alibandua karatasi, akakimbia na kisanduku. Bluu ikapepesa. Ikapepesa. Baba akanyoosha kidole.

"Baba, usiguse!"

Saa kumi kasoro dakika moja, taa ilitulia, kijani ya kweli. Chumbani sauti ngeni ilisema, "Habari za mchana, dada. Tunakuona vizuri kabisa." Baba na Chiriku walisimama kwenye korido wakiogopa hata kupumua.

Mama alitoka baada ya nusu saa, uso umechangamka. Usaili ulikwenda vizuri. Majibu yangekuja baadaye. Lakini alipomwona Chiriku, alimketisha.

"Nimekasirika sana, usidhani nimesahau," alisema. "Ile taa imewekwa ili ituambie panapouma. Umeiziba, tukahangaika kutibu kompyuta isiyoumwa. Wodini homa siiogopi, mwanangu. Homa ina dawa. Namwogopa mgonjwa anayeniambia haumwi, kwa sababu huyo simwahi. Ukikosea, sema mapema, tukiwa bado na muda wa kukusaidia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kuna lingine?"

Chiriku alitaka kutikisa kichwa. Akajizuia.

"Lipo," alisema kwa sauti ndogo. "Mtihani wa hisabati wiki iliyopita nilifeli. Karatasi nimeificha chini ya godoro."

Mama alivuta pumzi ndefu, akavuta na kiti. "Kailete," alisema.