Mkono Uliopanda Mdomoni

Mikanda ilikuwa na wiki tatu haijaoshwa, maana Fundi aliogopa maji yangeua vihisi vilivyoshonwa ndani. Kila asubuhi alimfunga mkewe miwili mikononi, miwili miguuni na mmoja kiunoni, kisha mke akarusha ngumi, akaruka, akachuchumaa, kila mwendo mara kumi. Ikifika kumi, kompyuta imeshaujua, na gemu ya mazoezi aliyokuwa akiitengeneza imepata mwendo mpya. Jasho la wiki tatu, jamani! Wazee husema uchafu una wenyewe wasioonekana, ila Fundi hakuambilika.

Siku hiyo mke alikuwa amesimama tu akipumzika, kompyuta ikaandika: Mwendo mpya. Mara ya kwanza.

"Mama watoto, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Mkono umepanda wenyewe."

Ukapanda tena, ule wa kushoto, taratibu mpaka mdomoni, na ulimi ukatoka ukalamba kuanzia kwenye mkanda hadi ncha za vidole. Mara ya pili. Chumba kikanuka nyama iliyosahauliwa juani.

"Acha utani bwana, unanitia kichefuchefu."

"Si mimi," mke alinong'ona, ute wa njano ukimning'inia kidevuni. "Kuna kitu kinakunywa jasho langu. Kinaniambia kikifika kumi, mwili huu ni wake. Baba watoto, nitoe!"

Fundi alichomoa waya wa umeme lakini kioo cha kompyuta hakikuzimika, akarukia kifungo cha mkanda kikamteleza kwa ute, ya tano, akafuta vidole kwenye shati akajaribu tena, ya saba, na mkono ule mwembamba aliouzoea ukawa na nguvu za wanaume wawili, ya nane, ya tisa, mpaka akaushika kwa mikono yake yote miwili, asibaki na mkono wa kufungulia, akauvuta juu akaung'ata mkanda kwa meno.

Ulikatika. Akatema nyuzi na ute. Mkewe alikuwa ametulia.

Kompyuta ikaandika: Mara ya kumi.

Kihisi hakijui mdomo ni wa nani. Kilichoona ni mkono kupanda mpaka mdomoni.

Fundi alipiga magoti akalia kama mtoto. Mkewe akainama, akamlamba shavu polepole, kuanzia kidevuni mpaka kwenye jicho.

"Lia tu, baba watoto," alisema kwa sauti yake ileile. "Machozi nayo yana chumvi."