Mbwa wa Chunguni na Mbwa wa Malori

Lori la mhandisi lilikuwa limeshawashwa. Vitanda na viti vilikuwa juu, vimefungwa kwa kamba. Ilikuwa mwaka 1975. Kazi yake ya barabara hapa Malaba ilikuwa imekwisha, naye alikuwa anahamia Mombasa. Mbwa wake wawili walikuwa chini, wakimwangalia.

"Ojakol, chagua mmoja," alisema dirishani. "Atakayebaki ni wa Emojong."

Emojong alilinda uwanja ambapo malori yalilala yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Ojakol alikuwa mkulima. Mke wake, Amuron, alitengeneza ajono, pombe ya wimbi, na watu walikuja kuinywa kwao.

Mbwa mmoja alikuwa Alsesheni, mkubwa, masikio wima. Aliitwa Kamanda. Wa pili alikuwa teria, mfupi, mwenye ndevu kama mzee wa kanisa. Huyo aliitwa Kifaru.

"Nachukua Kamanda," Ojakol alisema haraka.

"Baba Adeke, shida yetu ni panya," Amuron alisema. "Wanamaliza wimbi ghalani. Likiisha kabla ya mavuno, tutakula nini?"

"Sasa mimi nitembee na kitu kama paka? Watu watasema nini?"

Lori likaondoka. Emojong akabaki na Kifaru, amenuna.

Kamanda alikuwa mbwa wa ajabu. Nimezunguka sana, na mbwa wa kila namna wameniuma, lakini macho yenye akili kama yale sijayaona tena. Ojakol akisema keti, anaketi. Akisimama, naye anasimama.

Jumamosi wageni walikuja. Ojakol alimfunga Kamanda karibu na chungu cha ajono, ili aonekane. Amuron alimimina maji ya moto kwenye ajono. Wazee wakazunguka chungu, kila mtu na mrija wake, mrefu kuliko mtu. Mzee Osukuku akafika amechelewa. Mtu akainua mrija juu ya kichwa cha Ojakol kumpa Osukuku, naye akanyoosha mkono kuupokea.

Kamanda aliona fimbo. Aliruka, kamba ikakatika, akararua mkono wa koti la Osukuku.

"Ojakol!" mzee alipiga kelele. "Umetuita tunywe au tuliwe?"

Wote wakaenda. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Panya peke yao walikula na kushiba.

Amuron alimwita Paulinus wa idara ya mifugo, aliyekuwa akizunguka kuchanja mbwa. Paulinus alimkuna Kamanda shingoni.

"Huyu hana kosa," alisema. "Alikuwa akilinda stoo ya mhandisi. Mtu akiinua fimbo juu yako, yeye anakuokoa."

"Lakini ule ni mrija!" Ojakol alisema.

"Basi mwambie yeye."

Amuron alicheka mpaka akakaa chini.

"Mbwa hachaguliwi kwa sura," Paulinus aliendelea. "Jiulize: nitampa kazi gani? Nani huingia hapa kwangu? Nitaweza kumlisha? Alsesheni anataka chakula kingi, kukimbia kila siku, na mtu wa kumfunza. Ukimfunga mchana kutwa, anakuwa mkali. Na hapa kwenu ni nyumba ya wageni. Teria naye ni fundi wa panya. Ila usimwache bila kazi, atafukua hata viazi vyako. Na wote wachanjwe. Mbwa akiuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, halafu hospitali siku hiyo hiyo."

Ojakol alimshika Kamanda kichwa. "Lakini nampenda," alisema.

"Ukimpenda, mpe kazi yake," Amuron alisema.

Wakampeleka Kamanda kwenye uwanja wa malori. Emojong aliwaona kwa mbali, akaanza kulalamika.

"Hiki kijibwa kinalamba kila mtu! Wezi wamebeba tairi la lori, nacho kikawasindikiza mpaka barabarani!"

Wakabadilishana. Kifaru alipofika tu, aliingia chini ya ghala. Akatoka na panya mdomoni, ndevu zimejaa vumbi. Amuron akampigia makofi.

Kamanda alilinda malori mpaka akazeeka, na tairi halikupotea tena. Emojong alikimbia naye kila asubuhi, kitambi chake kikaisha. Wimbi lilitosha mpaka mavuno. Osukuku alirudi chunguni na koti lake, limeshonwa na Amuron. Kifaru alilala miguuni pa wageni. Paulinus alihamishiwa Budalang'i. Ojakol alimtembelea Kamanda kila siku ya soko, na Kamanda aliketi kabla hajaambiwa.